Baba Alivyojua Kijapani

Juzi, sebuleni kwetu Apple Valley, huku ughaibuni, nilifungua filamu ya zamani ya majambazi wa Kijapani, na uso wa kwanza tu nikaukumbuka. Niliwahi kuuona mchana mmoja wa utotoni, Brooklyn Park, theluji imeziba madirisha, nyumba inanukia mandazi na sare ya hospitali ambayo Baba alikuwa akiipiga pasi.

Kanda ile haikuwa na maandishi ya tafsiri chini. Basi Baba alisimama na pasi yake mkononi, akatutafsiria kila neno, kama walivyofanya watafsiri wa vibanda vya video kwao Mbeya. Alimpa bosi wa majambazi sauti nzito, na mjane sauti nyembamba.

Mwishoni mwa filamu kijana alipiga magoti mbele ya mama yake, yule mjane, upanga mapajani.

"Anasema nini, Baba?"

Baba alikohoa kidogo. "Anasema, 'Mama, waliomuua baba nimewaona. Nimewaacha. Nimekuja kula.'"

Jumatatu nilitangazia darasa zima kwamba baba yangu anajua Kijapani, na nilikuwa tayari kupigana na yeyote atakayebisha.

Juzi maandishi yalikuwepo. Kumbe kijana alikuwa amewaua wote, na chakula hakukitaja kabisa.

"Anasema nini?" aliuliza binti yangu, ambaye bado hajui kusoma.

Nikazima maandishi, nikakohoa kama Baba. "Anasema, 'Mama, nimekuja kula.'"

Alinikodolea macho. "Kumbe unajua Kijapani?"

"Nimefundishwa na babu yako."