Nikifa, Nani Ataizima Taa?

Watu wa Nkololo walishazoea kuchunguzwa na Mayige Mahona. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa bwana afya, akipita nyumba hadi nyumba kukagua vyoo, kufunua mitungi ya maji na kuinama chini ya vichanja vya vyombo kuona kama kuna uchafu uliofichwa. Halmashauri ilipomstaafisha ilichukua pikipiki yake na kofia ngumu, lakini udadisi ilimwachia. Hadi leo, akiwa na miaka sitini na minane na pensheni isiyopanda wala kushuka, ukimkaribisha kwako atakunywa maji yako, kisha atakuuliza umeyachemsha kwa dakika ngapi.

Mwaka jana udadisi huo ulihamia kwenye sola, na kilichouhamisha ni msiba.

Rafiki yake Bundala, mwalimu mstaafu, alikuwa amechukua sola ya kulipia kwa simu. Unatoa kianzio, wanakuja kukufungia paneli, betri na balbu nne, halafu unalipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu ndipo vitu viwe vyako. Ukichelewa, mtambo unajifunga wenyewe. Bundala hakuwahi kuchelewa hata siku moja, kwa sababu pensheni haina masika wala kiangazi. Akafariki akiwa amebakiza miezi michache. Siku ya tano ya msiba, watu wakiwa bado wamekaa uani, taa zote nne zikazimika. Mjane wake, Benedikta, hakujua pa kulipia, na simu yenye pesa ilikuwa na namba ya siri ambayo marehemu alikwenda nayo. Pensheni nayo ilikuwa imesimama ikisubiri makaratasi. Wanawake wakawasha vibatari wakaendelea kupika.

Mayige alirudi nyumbani, akamtazama mkewe Minza akipepeta mchele mlangoni, akaogopa. Minza hakuwahi kuajiriwa na mtu. Alilima viazi vitamu, akavikata na kuvianika kuwa michembe, akaiuza mnadani. Pensheni ilikuwa kwa jina la Mayige, na Mayige ana presha tangu mwaka ule wa kipindupindu. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia kwenye zahanati, mbali na kitongoji chao, kwa hiyo sola waliihitaji kweli. Lakini Mayige aliapa kwamba haitapanda bati lake mpaka apate jibu la swali moja: nikifa, nani ataizima taa? Hakuwa tayari kumwachia Minza giza la Benedikta.

Akaanza kama alivyokuwa akianza kazi zote, kwa kupita mitaani. Aliinua shingo kutazama mapaa, akabisha hodi, akaomba kuona betri. Mwenye nyumba akisema taa ni mbovu, yeye aligonga, akanusa, akagundua kwamba si mbovu, imefungwa kwa kutolipiwa. Baada ya wiki tatu aligundua jambo lililomfurahisha kama kukuta funza kwenye nyama ya mwenye bucha anayejisifu. Karibu taa zote zilizofungwa zilikuwa za wakulima wa pamba, na zilikuwa zimefungwa katika miezi ile ile, kuanzia Januari mpaka msimu wa kuuza ufunguliwe. Kampuni ilitaka pesa kila siku kutoka kwa mtu anayepata pesa mara moja kwa mwaka. Wastaafu watatu wa kijiji peke yao ndio waliokuwa na mwanga mwaka mzima. Hilo lilimpa Mayige kiburi kidogo, lakini jibu halikumpa.

Akaenda kwa Joyness, binti wa mauzo aliyekaa na meza na mwavuli wa njano pale senta.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mwangaluka, mayu," naye akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Karibu sola, babu. Kianzio kidogo, halafu ni buku tu kwa siku."

Mayige aliishika paneli, akaigeuza, akaitazama chini. "Huyu ng'ombe ni wa nani?"

Joyness aligeuka kutazama nyuma yake. "Ng'ombe gani, babu?"

"Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Malampaka."

"Basi unajua. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini mwake. Humpa huyu wawili, yule watatu, wamfugie. Anayefuga anakunywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Akifa, mfugaji anachuna ngozi na kumpelekea mwenyewe, aone kwa macho yake kwamba hakuuzwa. Sasa hii sola yenu ni ng'ombe wa kufugiwa. Mimi nakunywa mwanga, ninyi mmeshika kamba. Sina ugomvi na hilo. Ila niambie, betri ikifa, nawaletea ngozi?"

Joyness alicheka mpaka akafuta machozi. "Unaleta betri yenyewe, babu. Ina waranti ya miaka miwili, tunakubadilishia."

"Vizuri sana. Na mfugaji akifa?"

"Mungu aepushe, babu."

"Na asipoepusha?"

Kicheko kikamwishia. Alipekua vipeperushi vyake, akapiga namba ya huduma kwa wateja, akasikiliza muziki kwa dakika kumi, akakata. Ni lazima tumpe haki yake binti huyu, maana hakumdanganya mzee. Alisema hajui, na kwamba atauliza. Baada ya wiki mbili alimfuata Mayige mnadani na jibu mkononi: familia ikileta cheti cha kifo inaweza kuhamisha mkataba kwa jina jingine na kuendelea kulipa.

"Kwa pesa ipi?" aliuliza Mayige.

"Hapo hawakuniambia, babu."

Mayige alimshukuru kwa dhati, akamnunulia soda. Kila jioni alimsimulia Minza uchunguzi ulipofikia, na Minza alimenya viazi akaitikia "ehe" mahali panapofaa. Alimsimulia habari za waranti, za betri zinazovimba, za mafundi wanaofunga paneli ikitazama upande usio na jua. Kibatari kiliwaka kati yao, kikitoa moshi mwingi kuliko mwanga. Mvua za vuli zikaja zikapita, za masika zikafuata, na mzee bado anachunguza.

Mwezi wa saba akapanda gari la asubuhi kwenda Bariadi, benki. Alikuwa amesikia kwamba wastaafu wanakopeshwa kwa dhamana ya pensheni yao, ukanunua sola yako taslimu, isiyo na kufuli la mtu. Afisa mikopo, kijana mpole aitwaye Method, alimkalisha kwenye kiti chenye magurudumu, ambacho Mayige alikikagua kwanza kabla ya kukikalia.

"Mzee wangu, makato yanatoka moja kwa moja kwenye pensheni, huna haja ya kuja kulipa."

"Na nikifa?"

Method hakumtaja Mungu wala hakukohoa. Alifungua ukurasa wa nne wa fomu, akaweka kidole. "Mkopo huu una bima. Mkopaji akifariki, bima inamaliza deni. Mjane hadaiwi."

Mayige alivaa miwani. Alisoma kifungu hicho mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, mpaka mteja wa kiti cha pili akageuka. Miezi kumi na minne ya kuuliza, na jibu lilikuwa limekaa ukurasa wa nne.

"Ila kuna jambo, mzee. Mkopo lazima uishe kabla hujafika miaka sabini. Kwa umri wako tuna miezi ishirini tu. Kwa hiyo makato yatakuwa makubwa, karibu theluthi ya pensheni kila mwezi. Mtaweza kuishi?"

"Tutaweza. Nimeshajaribu."

"Umejaribu vipi?"

"Tangu mwezi wa tatu nakula nusu. Nilijua mkopo wa aina yoyote utataka kitu, nikasema nipime kwanza mwilini mwangu kama inawezekana. Inawezekana. Njaa unaizoea wiki ya tatu."

Method aliacha kuandika. "Na mama?"

"Mama anakula kama kawaida. Hajui. Kwa kibatari chetu huwezi kuona sahani ya mwenzako."

Kijana akampa fomu akazijaze nyumbani, kwa sababu palihitajika sahihi ya mwenza. Mayige alizikunja ndani ya shati zisipate vumbi. Njiani alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliokuwa ndani ya gari. Alipanga atakavyomweleza Minza, aanzie wapi, amalizie na ukurasa wa nne.

Alipofika nyumbani saa tisa alikuta ngazi imeegemezwa ukutani na mwanamume amepanda juu ya bati lake, anagonga.

"Mama Marcelo, nani huyo kwenye bati langu?"

Minza alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua michembe. "Ni Deogratias, mkwe wa Specioza. Anafunga sola."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mayige alikaa chini kwenye ukingo wa ukuta. Minza akamweleza bila haraka, huku mikono ikiendelea na kazi. Kikundi chao cha akina mama wa jumuiya, wale wanaonunua hisa kila Alhamisi, Specioza akiwa mweka hazina, walikuwa wameamua kununua sola ndogo ndogo kwa zamu. Kila baada ya miezi miwili mama mmoja anafungiwa, anarudisha taratibu kwa uwezo wake, wa michembe kwa michembe, wa kuku kwa kuku, na wa pamba anasubiriwa mpaka msimu. Paneli si kubwa, inazidi kidogo sinia la pilau. Balbu tatu na pa kuchajia simu. Leo ilikuwa zamu ya Minza.

Udadisi wa Mayige ulitangulia hata mshangao wake. "Na ukifa wewe, kikundi kitamdai nani?"

"Hakimdai mtu. Deni linafutwa kwa mfuko wa msiba. Benedikta ni mwenzetu, si unajua? Baada ya yaliyompata tulilizungumza hilo Alhamisi moja, likaisha."

"Alhamisi moja?"

"Na muda ukabaki, tukagawana sabuni."

Mayige alitoa fomu za benki ndani ya shati, akazitazama, akazirudisha. Alijisikia mjinga, na chini ya ujinga huo alijisikia pia mtu aliyetuliwa gunia. Giza la Benedikta halingeingia humu. Hata hivyo lilibaki jambo la kumkwaruza.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Minza alisema bila ukali. "Umemuuliza binti wa Malampaka, umewauliza wenye pamba, umekwenda mpaka Bariadi. Kila siku unauliza ukifa nitakuwaje, lakini mimi mwenyewe hukuniuliza."

Deogratias akachungulia kutoka juu ya ngazi. "Mama, moja nimeweka jikoni, moja mlangoni. Hii ya tatu iende wapi?"

"Chooni," alisema Mayige upesi, kwa maana bwana afya hafi ndani ya mtu.

"Hapana," alisema Minza. "Ifunge pale sebuleni, juu ya mkeka anapokulia mzee."

"Mama Marcelo, hapo pana haja gani ya taa? Mkono haupotei njia ya mdomo."

Minza aliweka ungo chini. Alimtazama mumewe kuanzia kola ya shati, iliyokuwa imelegea shingoni, mpaka mkanda uliotobolewa tundu jipya kwa msumari.

"Tangu mwezi wa tatu sahani yako inarudi jikoni na nusu ya ugali, unasema umeshiba. Asubuhi nawapa kuku. Nilikuambia uende hospitali, ukasema huna ugonjwa. Sijui kama unaumwa, sijui kama unanificha, kwa sababu usiku sikuoni na mchana uko kwa watu unauliza. Wewe unaogopa nitabaki gizani ukishakufa, Baba Marcelo. Mimi naogopa utakufa hapa hapa mbele yangu, kidogo kidogo, na mimi nisione."

Akaokota ungo wake. Mayige alifungua mdomo. Alitaka kumweleza habari ya makato, theluthi, namna alivyopima, akaona aibu kwa kila neno.

"Siumwi," alisema hatimaye. "Nilikuwa nabana, ili upate taa."

"Nimeshapata taa. Sasa kula."

Deogratias aliifunga balbu pale alipoambiwa, akashuka, akakunja ngazi, akaaga. Jua lilipozama Minza alibonyeza swichi, akaleta ugali na mlenda na kipande cha samaki, akaketi upande wa pili wa mkeka. Mayige alikula taratibu, akamaliza chote mpaka akafuta sahani kwa tonge la mwisho, na muda wote huo Minza hakugusa chakula chake, alikuwa akimtazama.