Bastola ya Baba Ilipochoka

Mafuta ya cherehani yana harufu nyepesi, na wengi wenu mkiisikia mtamkumbuka fundi wa nguo. Mimi humkumbuka Baba. Wiki iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye duka la miwani hapa Kisumu mjini, nikisubiri fremu yangu ikazwe. Fundi akachukua bisibisi ndogo kama kijiti cha meno, akadondosha tone moja la mafuta hayo kwenye bawaba, na papo hapo nikarudi kuwa mtoto wa darasa la tano nyuma ya nyumba yetu Mamboleo. Baba ametandaza gazeti kuukuu mezani, na juu ya gazeti amelaza bastola yake ndefu.

Msishtuke. Baba hakuwa jambazi wala polisi. Alikuwa na duka la hardware, mtu wa misumari, mabati na rangi, na leseni ya bastola ile aliitunza vizuri kuliko cheti chake cha ndoa. Ilikuwa bastola ya silinda, ya kuingiza risasi sita, yenye mtutu mrefu ambao haungeingia kwenye mfuko wa suruali yoyote. Ilitengenezwa kwa mashindano ya shabaha tu. Mama aliiita bunduki ya kuua makaratasi.

Siri ya bastola ya namna hiyo iko kwenye vilengeo vyake viwili. Mbele kabisa, juu ya ncha ya mtutu, husimama kibanzi kidogo cha chuma. Nyuma, karibu na jicho lako, kuna kipande kingine chenye pengo katikati. Ukiona kibanzi kimekaa sawasawa ndani ya pengo, umelenga. Kile cha nyuma kina skrubu pembeni, na risasi zikienda kushoto unakisogeza kulia, kidogo kidogo, kila hatua ikilia tik. Baba hakuniruhusu kuigusa bastola hata siku moja, lakini tik zile alikuwa akinisikilizisha kama mtu anayempa mtoto peremende.

Kazi yangu ilikuwa darubini. Kila Jumamosi tulikwenda na pikapu mpaka uwanja wa klabu chini ya vilima, mimi nikiwa katikati ya Baba na Mama, nimekalia begi la vifaa vya kuzibia masikio. Baba alipiga, mimi nikaitazama karatasi ya shabaha kutoka nyuma ya mstari. Bastola ikishanyamaza, kabla hajamuuliza mtu mwingine yeyote, aligeuka kwangu na kusema, "Akinyi, jicho langu, wapi?" Nami nikamwambia. Nani angekuwa na kiburi kama changu? Watoto wengine walitumwa kuchota maji. Mimi nilikuwa jicho la mtu.

Kikombe cha klabu kilishindaniwa kila Desemba. Baba alikuwa amekitwaa mwaka uliotangulia, nacho kilikaa kabatini sebuleni, kimezungukwa na glasi ambazo hatukuruhusiwa kunywea. Nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu shuleni kwamba hakitatoka kwetu.

Lakini mwaka ule risasi zilianza kwenda kushoto. Nikasema kushoto, naye akasogeza kilengeo kulia, tik. Jumamosi iliyofuata kushoto tena, tik, tik. Alilaumu upepo wa ziwani, akalaumu risasi, akamlaumu aliyemuuzia bastola. Mama akamtania kwamba mchagua jembe si mkulima, na Baba akacheka, ingawa kicheko kilikatika mapema.

Nyumbani nako kulikuwa na vituko, na mimi niliviona vya kuchekesha. Sokoni Otonglo Baba alimshika mkono mgeni kabisa akamwita shemeji, akamuuliza habari za ng'ombe. Chai aliimimina pembeni mwa kikombe. Siku moja pikapu ilipanda ukingo wa barabara, akasema barabara za siku hizi zimekuwa nyembamba. Mama hakucheka. Nilimsikia jikoni akimwambia shangazi kwamba anaogopa ile bastola na anaogopa lile gari, ila kinachomtisha zaidi ni kumwambia mwanaume yule kwamba macho yake yanakwisha. Shangazi akamuuliza kwa nini asimwambie tu. Mama akasema atavunjika.

Mimi nilisikia yote na sikuelewa chochote. Kwangu Baba alikuwa Baba, na tatizo lilikuwa skrubu.

Kisha ikafika Jumamosi ambayo skrubu iligoma. Baba aliizungusha, haikulia. Ilikuwa imefika mwisho wake, na karatasi bado ilikuwa na matundu upande wa kushoto. Akaiweka bisibisi chini. Halafu akamgeukia Mama, ambaye kabla ya kuolewa alikuwa askari jela na mpigaji shabaha hodari. Walijuana palepale uwanjani, lakini tangu nizaliwe hakuwa ameshika bastola.

"Mama Akinyi, hebu jaribu wewe," Baba akasema. "Nataka kujua kama ni hii kitu ama ni mimi."

Mama alifunga leso kiunoni vizuri, akavaa vifaa vya masikio, akasimama. Alipiga zote sita bila haraka. Kwenye darubini niliyaona matundu wazi kabisa. Yalikuwa yamebanana, kifuniko cha soda kingeyafunika, na yote yalikuwa kulia, mbali kulia, palepale kilengeo kilipokuwa kimesukumwa kwa miezi.

Msimamizi alipotoa ruhusa, kwa kawaida mimi ndiye niliyekimbilia karatasi. Siku hiyo Mama alikwenda mwenyewe. Alirudi nayo polepole, akamkabidhi Baba.

"Hata mimi imenipeleka kushoto, Baba Akinyi. Zote. Hii bunduki imechoka tu."

Nilipanua mdomo. Nilimtazama Baba, nikimsubiri ageuke aniite jicho lake. Hakugeuka. Hakuisogeza hata karatasi karibu na uso wake. Aliishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu yake kutoka ukingo mmoja, taratibu, mpaka kidole kikasimama.

"Basi," akasema, "ikichoka ipumzike."

Akatoa funguo za pikapu mfukoni, akampa Mama. Mama ndiye aliyetuendesha kurudi nyumbani, na hakuachia usukani tena. Wiki hiyohiyo Baba aliirudisha bastola kwa wenye mamlaka pamoja na leseni, na kabla ya Krismasi akakubali kupelekwa kwa daktari wa macho. Kikombe kilikwenda kwa mtu mwingine. Mimi nilimnunia Mama mpaka shule zikafunguliwa. Niliumia kwamba alidanganya, na niliumia zaidi kwamba Baba alimwamini yeye bila kuniuliza mimi.

Jumapili iliyopita, harufu ya yale mafuta ikiwa bado inanizunguka kichwani, nilikwenda kuwatembelea. Baba sasa anaona mwanga na vivuli tu. Alikuwa kibarazani akitenganisha skrubu za dukani, ndefu huku na fupi kule, kwa kidole gumba, wala hakosei. Nilikitazama kile kidole kwa muda mrefu. Miaka yote hii, na sikuwahi kujiuliza kilisimama wapi juu ya ile karatasi.

"Baba," nikamwambia, "ulijua zilikwenda kulia."

Alicheka mpaka skrubu zikamwagika. "Mama yako hajui kudanganya, nyathina, mwanangu. Sauti inamtetemeka. Lakini vile alijikaza siku ile, ningemkatalia aje?"

"Na mbona hukuniuliza?"

"Wewe ungeniambia ukweli."

Kisha akashusha sauti, kwa sababu Mama alikuwa jikoni, akanisihi nisije nikamwambia. Mama mpaka leo anaamini kwamba alimdanganya, akasema, na jambo hilo linamfariji sana. Nilikuwa nimebeba uchungu wa kitoto kwamba siku ile jicho la Baba liliachwa kando. Kumbe alinifikiria kabla ya wote, akaona kwamba mimi pekee ndiye ningeweza kumvunja.

Mama akatoka na chai, akauliza tunacheka nini. Baba akamwambia tunaongea habari za bei ya misumari.