Mawe Yaliyomwita Bibi wa Nunavut

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko zote nilizoamka katika mji huu wa Toronto. Nilikuwa kijana, nimeacha shule tangu kwetu Uvira, nalala sebuleni kwa baba mdogo kule Rexdale. Watoto walikuwa wengi na sebule ndogo. Nilijua nimekuwa mzigo ingawa hakuna aliyeniambia. Nikachukua begi langu.

“Unaenda wapi?” baba mdogo akauliza, kikombe cha chai mkononi.

“Nitajua nikifika.”

“Basi ukifika utuambie na sisi. Mama yako mdogo asipike ugali wa mtu asiyekuwepo.”

Alitania, lakini hakucheka.

Nilipanda basi la Kipling, kisha treni, kisha nikafuata miguu mpaka ufukweni mwa ziwa. Mtembezi hula miguu yake, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimeshakula yangu mpaka magotini. Pale kulikuwa na mawe bapa, nami nikakumbuka picha moja. Katika ghala nililofanyia kazi, karibu na uwanja wa ndege, tulipakia maboksi ya unga na maziwa ya kwenda Nunavut, nchi ya Wainuiti, kaskazini kabisa, kusikofikika kwa barabara. Kila boksi lilikuwa na stika ya bendera yao: nusu njano, nusu nyeupe, katikati mtu mwekundu wa mawe, na kwenye kona nyota ya buluu. Niliwahi kumuuliza msimamizi maana yake. Akaniambia, “Wewe pakia tu.”

Basi nikamjenga yule mtu. Miguu, mikono, kichwa. Alinifika kifuani. Nikakaa chini yake, nikatoa mkate wangu.

Mara nikaona bibi mmoja anateremka kutoka barabarani. Anakuja mbiombio na fimbo yake juu ya mawe yenye barafu, anatabasamu, anaita kwa lugha nisiyoijua. Alipofika aliniangalia mimi, akaangalia nyuma yangu. Tabasamu likaisha.

“Uko peke yako?”

“Ndiyo, Mama.”

“Nani amejenga?”

“Mimi.”

Akakaa. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuazima, kwa hiyo tulikwenda polepole. Alikuwa ametoka Nunavut kuja kutibiwa, na hapo alikuwa anamsubiri binti yake atoke kazini.

“Kwetu hakuna miti,” akasema. “Ukiona mawe yamesimama hivi, kuna mtu aliyeyasimamisha kwa sababu. Anakuambia, pita huku. Au, chakula kiko hapa. Haya yako yanasema nini?”

“Hayasemi kitu, Mama. Nilikuwa nacheza.”

“Nimeteremka nikidhani nitamkuta mtu wa kwetu.”

Mwanangu, nimewahi kuadhibiwa kwa kiboko na kwa matusi. Hakuna lililoniingia kama hilo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba hata mawe yanaweza kusema uongo.

Nikainuka niyabomoe. Akanishika mkono wa koti.

“Ngoja. Mtu nimemkuta. Wewe ni wa wapi?”

Nikamweleza juu ya ziwa letu la Tanganyika, na ile sebule, na begi.

“Leo unalala wapi?”

“Sijui.”

Akacheka kidogo. “Kumbe yalikuwa na neno. Yalisema, hapa kuna mtu amepotea.”

Tukayateremsha pamoja, jiwe baada ya jiwe, asije mwingine akateremka bure.

Binti yake alipotoka kazini akatukuta pale, aliniangalia, akaliangalia begi, akasema maneno machache ya ukali kwa lugha yao. Bibi akajibu kirefu. Binti akashusha pumzi. “Chumba cha chini kina baridi,” akaniambia. “Na utaosha vyombo.”

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Malvern, mjini humuhumu. Ukutani ilining'inia ile bendera, na kando yake nembo ya nchi yao. Bibi alinionyesha kwa kidole. Nyota ile haihami. Aliyepotea huitafuta, na mzee katika ukoo ni kama hiyo. Duara za dhahabu kwenye nembo ni jua, ambalo kwao huondoka majira ya baridi na hurudi. Na taa ya mafuta iliyochorwa chini yake, ya kuchongwa kwa jiwe, ni moto wa nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone: jioni ile alizungumza mpaka binti yake akaacha kununa, akaketi kusikiliza.

Kabla ya kulala niliomba simu, nikampigia baba mdogo. “Nimefika,” nikamwambia. Akajibu, “Haya, mwanangu. Ahsante kwa kutuambia.”

Kwa hiyo siku za sherehe kanisani nikikuona umevaa bendera ya kwetu kifuani, sikukatazi. Ivae. Ila jua kwamba alama ni mwito. Akija mtu aliyeiona kutoka mbali, usimgeuzie mgongo ukamjibu kwa Kiingereza cha haraka. Mjibu kwa Kiswahili chako hichohicho cha kukatikakatika, umuulize ametoka wapi, na leo analala wapi. Kama huna neno la kumwambia, usisimamishe jiwe.

Mungu akupe nyota isiyohama, mwanangu, na nyumba ambamo utakuta taa inawaka. Na siku utakapopotea, akuteremshie mtu.