Sinema Tuliyoiona kwa Masikio

Mwezi uliopita nilikuwa Mwazye kuzika, na kilichonimaliza hakikuwa kilio. Ilikuwa harufu ya jenereta. Walikuwa wameiweka nyuma ya jiko la msiba ili kipaza sauti kipate umeme, na upepo wa Ufipa, ambao haubagui msiba wala harusi, ukauleta moshi wa petroli moja kwa moja puani mwangu, umechanganyika na moshi wa mahindi ambayo watoto walikuwa wakiyachoma pembeni. Nilikuwa nimetoka Mbeya jana yake. Miguu ilikuwa imevimba, mgongo haukutaka kunyooka, na kusema kweli nimefika umri ambao mtu huanza kuchagua misiba ya kwenda. Huu sikuweza kuuacha. Nikajitupa kwenye mkeka pamoja na kina mama wengine, nikafumba macho, na petroli ile na mahindi yale vikanirudisha Sumbawanga, kwenye banda la video, siku ya sinema ya malkia.

Inabidi niwaeleze kwanza sinema zilikuwa zinaonyeshwaje, maana wanangu nikiwasimulia wananiona mwongo. Banda lilikuwa la nguzo za mikaratusi, kuta zake turubai na magunia yaliyofumuliwa yakashonwa upya. Ndani kulikuwa na mabao ya kukalia na televisheni moja juu ya kreti za soda. Sinema ilikuja kwa Kiingereza, na watazamaji walikuwa watu wa Kifipa na Kiswahili, kwa hiyo kando ya televisheni alikaa mtu mwenye maikrofoni akitafsiri. Spika moja ilifungwa nje, juu ya nguzo, kuwavuta wapita njia. Wenye hela waliona picha. Sisi wengine tulikaa nje tukaiona kwa masikio, na nadhani tulikuwa wengi kuliko wa ndani.

Mtafsiri huyo alikuwa mjomba Oresto, mtoto wa mama mdogo wa mama yangu, mzaliwa wa Mwazye. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, ila alikuwa na sauti nzito ya kwaya na hakuwa na aibu hata kidogo. Wafalme wa kwenye sinema zake walikula ugali wa ulezi. Askari wakivuka jangwa, yeye alisema wameteremka Mtowisa, na banda zima likaelewa ni joto la namna gani. Mzungu akimtongoza Mzungu mwenzake, Oresto alimfanya aanze kwa kuuliza hali ya wazazi.

Mimi nilikuwa darasa la tano, nikiishi na shangazi Gaudensia, dada yake baba, ambaye alichoma mahindi na kuyauza mlangoni mwa banda hilo. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa. Nilikuwa na kipara. Masika ya mwaka ule mama yangu alikuwa amefariki huko Mwazye, na hivi ndivyo nilivyopata habari: shangazi alipanda lori siku moja, akaniacha kwa jirani kwa sababu nilikuwa nakohoa na barabara ilikuwa tope tupu. Aliporudi aliniketisha kwenye kigoda, akachukua wembe, akaninyoa nywele zote kama anavyonyolewa mfiwa, bila kusema neno. Hakuna aliyeniambia kitu kingine. Shangazi alikuwa mtu mwema, jamani, msimfikirie vibaya. Aliamini tu kwamba mtoto huachwa asahau, na aliwakataza watu wote kumtaja mama mbele yangu.

Kina mama wa bombani, lakini, hawakukatazwa. Siku moja nikiwa kwenye foleni na ndoo yangu niliwasikia wakisema kwamba mtoto asiyetupa udongo kwenye kaburi la mzazi wake, marehemu humtafuta, kwa kuwa anajiona amesuswa. Kwetu kila mtu wa marehemu hupita kaburini akatupa gao la udongo, la kujaza kiganja, kabla vijana hawajashika majembe. Mimi sikuwa nimetupa. Tangu siku ile nililala nimejiviringisha blanketi mpaka kichwani, nikiwa na hakika kwamba mama yuko njiani kutoka Mwazye, amenikasirikia.

Ndipo zikaja habari za sinema ya malkia. Utingo wa basi la Mbeya ndiye aliyezileta, naye alikuwa ameiona yote. Alisema ni sinema ya giza na wachawi na wafu, ya wakubwa tu. Malkia anakufa, binti yake hatokei mazishini, basi malkia anafufuka na jeshi la maiti kumtafuta yule binti. Mwenye banda akaandika kwa chaki ubaoni WAKUBWA TU, na maneno hayo yakafanya kazi kuliko tangazo lolote. Ilikuwa Kwaresima. Katekista akasema kanisani kwamba mambo hayo yasubiri, na kweli yakasubiri, ingawa si kwa ajili yake: mvua ilikata barabara na CD haikufika. Mji mzima ukawa unaulizana. Mafundi baiskeli walibishana malkia ana nguvu gani. Mimi sikubishana na mtu. Nilitaka kujua jambo moja tu, nalo ni atamfanya nini yule binti akimpata.

Nilimuuliza mjomba Oresto. Alikuwa amekuja kununua hindi, kama kawaida yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Skola. Umekula?"

Siku zote aliniuliza hilo tu, kwa kuwa naye alikuwa amekatazwa.

"Nimekula. Mjomba, yule malkia atamfanyaje mtoto wake?"

"Bado sijaiona. Hiyo ya wakubwa, wewe achana nayo."

"Na kama yule mtoto alikuwa anakohoa? Kama hawakumpeleka?"

Alisimama pale na hindi lake mkononi mpaka likapoa. Shangazi akanigombeza kwamba makaa yanazimika, nikainama kupepea, na nilipoinua kichwa mjomba alikuwa ameshaondoka.

CD ilifika baada ya Pasaka, ikaonyeshwa Jumapili mchana baada ya misa. Sijawahi kuona watu vile. Walitoka na nguo zao za kanisani, rozari mfukoni, wakajipanga mlangoni na nyuso za watu waliopita tu kwa bahati mbaya. Kulikuwa na mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyepanda kutoka bondeni Mtowisa kuuza mchele, kofia kubwa kichwani, akatamba kwamba yeye hulala porini na fisi, sinema haiwezi kumtisha. Turubai likafungwa. Nje tulibaki watoto, kina mama wauza vitu na wazee wasio na hela. Jenereta ikanguruma, muziki wa huzuni ukaanza, na sauti ya mjomba ikatujia kutoka juu ya nguzo.

Alitafsiri vizuri kupita siku zote. Hakutania. Malkia akafa, kaburi likachimbwa, watu wakapita, binti hakuwepo. Ndani waliguna. Maiti walipofufuka wanawake walipiga mayowe, na yule mfugaji akachomoka mlangoni, akanunua hindi ambalo hakulila, akasema baridi ya Sumbawanga na sinema ile vyote kwa pamoja hawezi. Shangazi alikuwa akisali chini chini huku akirudisha chenji. Mimi nilishaacha kupepea. Nilijua malkia anakaribia, kwa sababu muziki ulikuwa umeshuka, na ungo niliokuwa nikipepea nao ukaniponyoka.

Kisha mjomba akasema, kwa sauti ya malkia, polepole: "Mwanangu, usikimbie. Sikukasirika. Najua ulikuwa mgonjwa, na barabara ilikuwa tope. Udongo wako ulinifikia. Mjomba wako aliutupa kwa jina lako, nikaupokea. Lala usingizi."

Akarudia maneno hayo hayo kwa Kifipa, lugha ambayo mama alikuwa akinisemesha.

Ndani pakalipuka. Nilidhani wanashangilia, lakini walikuwa wakipiga kelele za hasira. "Oresto, unatudanganya!" "Sisi vipofu? Tafsiri unachokiona!" Mtu akapiga mluzi, bao likapinduka. Kelele hizo sikuzielewa wala sikuzijali. Nje, mama mmoja muuza ndizi alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nilijiambia kwamba kumbe hata Wazungu wana wajomba, na kumbe udongo wa mtu unaweza kutupwa na mwingine kwa niaba yake. Usiku ule nililala kichwa nje ya blanketi.

Jumapili iliyofuata maikrofoni alikuwa nayo kijana mwingine. Tuliambiwa mjomba amerudi Mwazye kulima ulezi. Watu walicheka kwamba pombe ilimharibia kazi. Nami nilicheka nao, mtoto ni mtoto, nikaendelea na makaa yangu.

Miaka ikapita, nikasoma, nikaolewa, nikawa mwalimu Mbeya, nikachoka kama walimu wote. Jioni moja mwanangu mkubwa alikuwa akitazama kitu kwenye simu, na nikausikia muziki ule. Nilimnyang'anya. Nilikaa jikoni nikaitazama sinema ya malkia kwa macho kwa mara ya kwanza, Kiingereza chake chote nikikielewa, nikingojea mahali pale. Malkia anatoka gizani, anamfikia binti yake, muziki unashuka. Hasemi neno. Mdomo wake hata haufunguki, mpaka unapofunguka kwa ajili ya kumla.

Sufuria ya maharage iliungua siku ile. Nililia hadi mwanangu akampigia baba yake simu.

Ndipo nilipozielewa zile kelele za ndani. Banda zima lilikuwa likimwona mtoto analiwa na mama yake, wakati mtafsiri anawaambia amelazwa usingizi. Mjomba alijua watamzomea, na alijua mwenye banda hatamsamehe. Ila alikuwa amekatazwa kumtaja mama mbele yangu, na maikrofoni ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo. Nilipanga kwenda Mwazye kumwambia kwamba nimejua. Nikapanga likizo ya Juni, nikapanga ya Desemba. Mnajua mipango ya watu waliochoka ilivyo. Nilikwenda alipokufa.

Pale mkekani mjane wake alinishika mkono. Nilimuuliza kama ni kweli, siku ya kumzika mama, mjomba aliutupa udongo wangu.

"Aliutupa," akasema. "Alirudi mara ya pili na gao jingine, wazee wakamkemea kwamba anavuruga mstari. Akawaambia huu si wangu, huu ni wa Skola."

Kwa hiyo hata katika uongo ule mjomba hakusema uongo.

Tulipofika kaburini nilijipanga nyuma kabisa, mgongo ukiniuma. Watu kadhaa mbele yangu alikuwepo mzee mmoja nisiyemfahamu. Akainama, akatupa udongo wake, akachota tena na kusema kwa sauti, "Huu ni wa Deo, yuko Mpanda, amekosa nauli." Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo kwa binti yake. Hakuna aliyewakemea. Nikamuuliza mama aliyesimama kando yangu desturi hii imeanza lini, akanitazama kama mtu wa kuja na kusema ndivyo wanavyofanya siku zote, ndivyo wazee walivyoacha. Nilitaka kumwambia hapana, mama, haikuachwa na wazee, ilienea kutoka kwenye spika kule Sumbawanga, juu ya nguzo ya mkaratusi, mchana wa Jumapili, na mtu aliyeileta alipoteza kazi kwa ajili yake. Lakini zamu yangu ilikuwa imefika.

Nikapiga magoti, jambo ambalo daktari amenikataza, nikachota udongo kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo mjomba," nikasema. "Huu nimeuleta mwenyewe."