Miraba Miwili Ukutani

Fundi Msasa alikuwa hoi hata kabla ya kuanza kazi. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake, maana ukuta ukiingia mikononi mwake husuguliwa mpaka ukome. Siku hizi aliyekoma ni yeye: magoti, bega na, zaidi ya yote, macho. Yaliingia ukungu tangu mwaka jana, na hakuna aliyejua ila mkewe. Fundi rangi asiyeona rangi, nani atampa kazi?

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alinunua makopo mawili, krimu na kijani kilichofifia. Alitaka yapakwe kidogo kidogo karibu na dirisha, achague rangi ya chumba chake cha kulala. Fundi akapaka mraba mmoja, akaenda kuosha brashi, akarudi akapaka wa pili. Ilipokauka, kwake yote miwili ilikuwa uji mtupu.

"Haya mwalimu, njoo utazame. Usikurupuke, rangi ni kitu cha kuishi nacho."

Mwalimu akatazama. Akautazama mmoja, akarudia wa pili, mpaka fundi akaona heri aseme lolote.

"Huu wa kulia unapoza macho. Wa kushoto una joto joto fulani. Ni wewe tu na roho yako."

"Wa kushoto," mwalimu akasema taratibu. "Nimeupenda wa kushoto."

Fundi akashusha pumzi. Leo nayo imepita. Akainama aliweke pembeni kopo la kijani, vidole vikapita kwenye mfuniko. Ulikuwa umebana kote, haujaguswa na bisibisi hata mara moja. Akapapasa tena, asiamini. Miraba yote miwili ilitoka kopo moja.

Aliona aibu kubwa kuliko ambayo angeiona kama angefukuzwa. Akangoja maneno makali. Mwalimu alikunja mikono ya gauni lake, akaikokota ngazi kutoka barazani, akaiegemeza ukutani na kuishika kwa mikono miwili.

"Panda, fundi. Ukiruka mahali nitakuambia."

Miaka thelathini ya kupaka nyumba za watu, hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumshikia ngazi. Alitaka kumwambia aache, hiyo si kazi yake. Lakini kujificha nako kulikuwa kumemchosha.

"Asante, mwalimu," akasema, akapanda.