Salamu za Mtaa Mzima

Miksi zangu za mwanzo nilizipandisha mtandaoni, maana ndivyo wanavyoshauri wote: weka picha kali, jipe jina la u-DJ la kutisha, kisha tulia usubiri dunia. Nilitulia. Dunia haikuja. Aliyesikiliza nilikuwa mimi, nikihakikisha kama inafunguka, na binamu yangu wa Mwananyamala, ambaye baadaye alikiri kuwa alibonyeza kwa bahati mbaya. Bando likaisha, na jina la kutisha likabaki halijamtisha mtu.

Hapa kwetu Mtoni muziki husafiri kwa flashi. Bodaboda ana flashi kwenye redio yake, saluni ina flashi kwenye sabufa, na anayetaka nyimbo mpya humpelekea fundi simu kadi yake amwekee. Basi nikaamua kugawa miksi mkono kwa mkono. Watu walipokea kwa adabu zote, wakasema asante dada, na jioni nikipita nasikia wanapiga nyimbo zao zilezile za siku zote. Iliniuma, sifichi.

Ndipo nikakumbuka salamu. Mtu wa kwetu akisikia katajwa redioni, siku hiyo hata mwendo wake hubadilika. Nikajifunika shuka kuzuia kelele za majirani, nikajirekodi kwa simu, kisha nikachomeka sauti yangu katikati ya nyimbo: salamu ziwaendee vijana wa kijiwe cha bodaboda, dada wa saluni mwenye mikono ya dhahabu, muuza chipsi wa kona, fundi simu wetu. Nilinogewa kiasi kwamba hata mbuzi wa gereji, yule anayekula maboksi ya vipuri, nikamtaja.

Ilisambaa kuliko nilivyoota. Bodaboda waliwapigia abiria, dada wa saluni akaiweka status, muuza chipsi akawa anawanyamazisha wateja ili wasikie anavyotajwa. Watu wakaanza kunisimamisha njiani. "Sista, na mie nitaje basi, mbona unanitenga?" Nikawa maarufu kuanzia kwenye kijiwe mpaka kituoni, na nilikuwa napita njia ndefu makusudi ili nisimamishwe.

Lakini kulikuwa na jambo linanikera. Dada wa saluni alisikiliza mpaka alipotajwa, akarudisha nyuma, akajisikiliza tena, kisha akaweka nyimbo nyingine. Wote walikuwa hivyo. Kazi niliyoihangaikia, ya kuhamisha wimbo mmoja kuingia ndani ya mwingine bila mchezaji kupoteza mguu, hakuna aliyenigusia hata kwa neno moja. Nikaanza kujiuliza kama mimi ni DJ au ni msoma salamu.

Kisha ikaja kicheni pati ya kumfunda binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu kabla ya ndoa yake. Akina mama wa mtaa walishaunda kamati, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mshona nguo, mtu wa maneno machache ambaye akikohoa tu kikao kinatulia. Niliitaka shughuli ile kuliko kitu chochote. Ukumbi uliojaa akina mama ndio unaomtoa DJ, kwa sababu kila mmoja wao ana binti, mpwa au shoga anayekaribia kuolewa. Nikapeleka ombi kupitia mama yangu. Jibu likarudi kwamba niende mwenyewe.

Nilimkuta mwenyekiti barazani kwake anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa." Akaendelea kuchambua. "Hiyo miksi yako nimeisikiliza."

Nikashukuru.

"Nimeisikiliza yote. Nikasema labda nimepitiwa, nikairudia. Nikairudia tena. Mpaka mbuzi wa gereji kapewa salamu."

Nilipitisha majina yote kichwani nikitafuta la kwake, na nilijua fika halimo. Nimekumbuka mbuzi, nimemsahau mwenyekiti wa kamati. Nikaanza kujitetea kwa haraka: nilighafilika, nitatengeneza nyingine leo leo, kwenye hiyo yeye ndiye atakayefungua.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Pale mwanzo umeweka taarabu. Halafu kuna ngoma inakuja kwa chini, mtu hajui imetokea wapi, kushtuka tushaingia kwenye singeli na mwili umeshakubali. Pale ulifanyaje?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Nikamweleza kwa mikono, jinsi kasi ya wimbo inavyopandishwa kidogo kidogo mpaka ilingane na ya ule unaofuata, na yeye akaacha ungo magotini akanifuatilia kwa macho. Hapo nikaelewa. Katika mtaa mzima, huyu peke yake ndiye aliyesikiliza kazi yangu mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa anatafuta jina ambalo halimo.

"Jumamosi saa nane mchana," akasema. "Na usichelewe."

Machozi ya furaha yalinilenga. Nikauinamia ungo nikajifanya namsaidia kutoa mawe.

"Nakushukuru sana mama. Na salamu yako naiweka leo leo, mwanzo kabisa."

"Mwanzo ya nini?" akasema, akiuvuta ungo wake. "Majina yetu wote yapeleke mwisho. Na wao wasikilize."