Shavu la Kushoto la Mama Mdogo

Mama mdogo wangu ana kazi mbili kwa mshahara mmoja. Ya kwanza ni kukaa mapokezi kwenye kliniki ya ngozi, kupokea simu na kuandika majina. Ya pili ni kuwa na shavu la kushoto.

Ngoja nieleze. Mwenye kliniki, ambaye wote tunamwita Madamu, alinunua mashine ya leza ya kutibu chunusi. Ilikuja na mabango yake, ila watu wa kwenye mabango walikuwa na ngozi laini kama yai hata kwenye picha iliyoandikwa "Kabla". Wateja walisoma, wakaguna, wakaondoka. Ndipo Madamu akamtazama vizuri mpokezi wake, ambaye uso wake ulikuwa kama ukuta uliopigwa plasta na fundi mwenye haraka.

"Nitakutibu bure," akamwambia. "Tunaanza na kulia. Kushoto baadaye."

Mama mdogo alilia kwa furaha, akasahau kuuliza baadaye ni lini. Watu wazima hunihimiza niulize maswali darasani. Yao sijui huyaacha wapi.

Siku ya kwanza nilimsindikiza. Walimvalisha miwani myeusi kama fundi wa kuchomelea, Madamu akapitisha kifaa mfano wa kalamu nene: tak, tak, tak.

"Inaumaje?" nikamwuliza baadaye.

"Kama mtu anavuta mpira wa nywele, anauachia shavuni, halafu anakuuliza habari za nyumbani."

Shavu liliwaka moto siku mbili na jua akakatazwa. Baada ya safari ya tano likatulia. Leza siwezi kuinyima haki yake: vipele vilipungua na madoa yakafifia.

Zamu ya kushoto haikufika. Kilichofika ni amri ya kugeuza meza ya mapokezi iangalie ukuta wa pembeni, ili mteja akiingia alione shavu la kushoto, na akitoka alione la kulia. Unaingia na tatizo, unatoka na jibu. Mama mdogo akawa anashinda anatazama ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mwenyeji alipona nusu.

Miezi kumi ikapita. Kwenye kila picha ya familia amepinda shingo kama anayesikiliza ugomvi wa majirani. Alichotaka ni kitu kimoja tu: apigwe picha akitazama mbele.

Mama yangu ndiye aliyechoka kwanza. Alimpeleka dada yake kwa nesi wa zahanati, akapewa dawa ya kupaka na maelekezo mafupi: kidogo kila siku, na subira. Miezi mitatu baadaye, shavu la kushoto nalo likaanza kutulia, bila tak hata moja.

Madamu aligundua Jumatatu moja, nikiwa kwenye benchi la wateja na madaftari yangu.

"Hebu geuka. Umelifanya nini shavu langu?"

"Lako, Madamu?"

"La kazi! Hiyo dawa unayopaka uiache leo. Ukiendelea, natafuta mpokezi mwingine."

Nimesoma biolojia mpaka kurasa za nyuma ambazo mwalimu hazifikii, lakini kliniki inayomkataza mtu kupona sijaikuta.

Kabla Mama mdogo hajajibu, akaingia mwanamke na binti yake aliyevaa sare ya shule. Mwanamke akatazama shavu la kushoto, akazunguka meza, akatazama la kulia, kama mtu anayekagua gari lililotumika.

"Samahani, dada. Leza imepita upande gani?"

Madamu akakohoa kikohozi cha mwajiri.

Mama mdogo akageuza kiti, akauacha ukuta. "Kulia ni leza, safari tano. Kushoto ni dawa ya zahanati, miezi mitatu. Madoa, leza imeyaweza zaidi. Vipele, hata dawa imeviweza. Mwanao ana vipele tu. Aanzie zahanati."

"Ubarikiwe, dada," mwanamke akasema, na mlango ukafungwa.

Mama mdogo akafungua mkoba, akatoa dawa, akajipaka shavu la kushoto taratibu huku akimtazama Madamu usoni. Mimi nikaanza kukusanya madaftari, nikijua hapo hatuna chetu.

Hakufukuzwa. Madamu ana roho ngumu, si mjinga. Akimfukuza, shavu la kulia linaondoka pia. Akimwacha alivyo, la kushoto linaitangaza zahanati bure.

"Dawa isimamishe wiki moja," akasema kesho yake, safari hii kwa sababu ya kitabibu, "kisha upande kitandani tumalize hayo madoa. Mimi siwezi kuwapigia debe watu wa zahanati."

Zikaenda safari nne. Wiki iliyopita Mama mdogo alikwenda kupiga picha ndogo. Amekodoa macho kama aliyeambiwa kafaulu mtihani asioufanya, lakini anatazama mbele. Ameibandika ukutani, palepale alipokuwa anashinda akipatazama.

Mlangoni sasa kuna tangazo: "Anahitajika mpokezi msaidizi. Mwenye chunusi atapewa kipaumbele." Jana Madamu alisimama mbele yangu, akalitazama paji la uso wangu kwa upendo ambao sijawahi kuuona kwake.

"Mwanangu, shule unamaliza lini?"

"Hamalizi," akajibu Mama mdogo.